Zafarani ya Kweli na Zafarani ya Sokoni



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu, wa kiume na wa kike, muhula huu swali moja limetuchosha hapa Arua. Linaulizwa baada ya darsa, linaulizwa kwenye foleni ya chakula, na juzi nusura livunje urafiki wa vijana wawili wanaolala chumba kimoja. Je, kunywa kombe lililoandikwa kwa zafarani ni jambo jema, ni bidaa, au ni shirki? Mmoja amelelewa na nyanya ambaye hakumpeleka mtoto shuleni siku ya mtihani bila kumnywesha kombe. Mwenzake amesikiliza mawaidha mengi kwenye simu na ana jibu tayari. Wahariri wameniomba niandike, nami naandika, lakini nasema mapema kwamba liko swali jingine kuhusu zafarani ambalo hatuulizani, na hilo ndilo linalowagharimu watu wetu. Nitalifikia.

Tuanze na zafarani yenyewe, kwa sababu wengi wetu tunaitaja bila kuijua. Ni nyuzi za ndani ya ua. Ua ni dogo, la zambarau, linachipuka karibu na ardhi, na kila ua lina nyuzi tatu tu nyekundu. Huchanua wiki chache kwa mwaka, Oktoba na Novemba katika nchi zinazolilima, na huchumwa alfajiri kabla jua halijapanda. Kisha watu, wengi wao wanawake, huketi na kuzing'oa zile nyuzi kwa vidole, ua moja moja. Kilo moja iliyokauka hutaka maua yapatayo 150,000. Gramu moja, ambayo unaweza kuifumba kiganjani, ni maua 150 hivi. Tena mmea huu hauzai mbegu. Hufukuliwa tunguu lake, likagawanywa, likapandwa upya, kwa hiyo kila shamba la zafarani duniani limeanzishwa na mtu aliyepewa matunguu na mtu mwingine.

Leo Iran, hasa upande wa Khorasan, hutoa karibu asilimia 90 ya zafarani yote ya dunia. Ipo pia Kashmir, ipo Hispania, ipo Moroko katika mji wa Taliouine. Hispania ilipata kilimo hicho kwa Waislamu wa Andalusia, na jina pia, maana azafrán yao ni ile zaafarani ya Waarabu, sawa na zafarani yetu. Kwetu West Nile haioti. Kinachotufikia huja katika visanduku vidogo vya mahujaji wanaorudi Makka, au kwa wafanyabiashara wanaopitia Kampala na Juba. Mimi niliiona kwa macho yangu nikiwa na miaka kumi na tisa, kwa haji mmoja jirani yetu. Alitufungulia kifuniko tunuse, akakifunga. Hatukumlaumu.

Sasa tuitazame katika hadithi, kwa sababu hapo ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo mabishano yetu yanalipita.

Abdulrahman bin Auf (r.a.) alimjia Mtume (s.a.w.) huko Madina akiwa na alama ya njano ya zafarani. Mtume akamuuliza kuna nini. Akajibu kwamba ameoa mwanamke wa Kiansari na mahari yake ni dhahabu ya uzito wa kokwa ya tende. Mtume akamwombea baraka na kumwambia afanye walima japo kwa kondoo mmoja. Wanavyuoni wanaeleza kuwa ile njano ilimshika kutoka kwa bibi harusi, kwa sababu manukato ya zafarani yalikuwa ya wanawake, na wanaume wamekatazwa kujipaka. (Kuhusu nguo iliyotiwa rangi ya zafarani, Imamu Malik alikuwa mpole zaidi kuliko Imamu Shafii, na anapokea kwamba Ibn Umar alizivaa. Aliye katika ihramu hana nafasi hiyo, awe wa madhehebu gani.)

Buraida (r.a.) anasimulia katika Sunan ya Abu Dawud kwamba zama za ujinga mtoto alipozaliwa walichinja kondoo na kumpaka mtoto damu yake kichwani. Uislamu ulipokuja waliendelea kuchinja, wakamnyoa mtoto, na mahali pa damu wakapaka zafarani. Nawaomba msiipite hadithi hii haraka. Damu ile ilikuwa na itikadi ndani yake, walitaka imkinge mtoto. Zafarani iliyowekwa mahali pake ni harufu nzuri tu na rangi nzuri juu ya kichwa kilichonyolewa.

Na Ummu Habiba (r.a.), mke wa Mtume, baba yake Abu Sufyan alipofariki, aliagiza manukato ya njano yaitwayo khaluki, ambayo zafarani ndiyo asili yake, akajipaka mashavuni. Akasema hana haja na manukato, ila amemsikia Mtume akikataza mwanamke kukaa matanga ya maiti zaidi ya siku tatu isipokuwa kwa mumewe. Fikirini, mwanamke mwenye huzuni ya baba anajilazimisha kunukia ili aitii sharia. Mimi hadithi hii huniliza kila ninapoisoma.

Tena ipo ya msikiti. Mtume aliona kohozi kwenye ukuta wa kibla, akakasirika mpaka uso ukawa mwekundu. Mwanamke mmoja wa Kiansari akainuka, akaikwangua, akapaka khaluki mahali hapo, na Mtume akaisifu kazi yake. Baadaye, Abdulmalik bin Marwan alipokwisha kujenga Kubba la Mwamba huko Jerusalem mwaka 72 Hijria, waandishi wa fadhila za mji ule wanasema watumishi walilipaka jiwe lile manukato ya zafarani, miski na ambari. Na katika hadithi ya Tirmidhi kuhusu Pepo, majengo yake ni matofali ya dhahabu na fedha, na udongo wake ni zafarani.

Harusi, mtoto, mwisho wa matanga, ukuta wa msikiti, udongo wa Pepo. Katika hizi zote zafarani ni usafi, furaha na heshima. Hakuna hata moja inayosema inamtoa mtu homa. Asali imetajwa kwa kuponya katika Suratun Nahl, na habasoda imetajwa katika hadithi sahihi. Zafarani katika hadithi hizi haikupewa kazi hiyo.

Basi kombe limetoka wapi? Nalo lina asili ya zamani, na ndugu yetu wa mawaidha ya simu hana budi kulijua hilo. Imamu Nawawi, mtu wa Damascus aliyefariki mwaka 676 Hijria, anaeleza katika kitabu chake cha adabu za wabebaji wa Qur'ani kwamba Hasan al-Basri, Mujahid, Abu Qilaba na al-Awzai hawakuona ubaya kuandika Qur'ani katika chombo, kuiosha na kumnywesha mgonjwa, na kwamba Ibrahim an-Nakhai alilichukia jambo hilo. Ibnul Qayyim naye anapokea kuhusu Imamu Ahmad kwamba mtu mmoja alimjia kwa ajili ya mwanamke aliyekuwa katika uchungu wa kuzaa kwa siku mbili, na Imamu akaagiza iletwe bakuli pana na zafarani. Kwa hiyo tangu tabiina kuna waliokubali na waliochukia. Anayesema wote walinyweshana shirki anamtia humo Imamu Ahmad pia. Na anayesema ni Sunna ya Mtume inampasa alete hadithi, wala hataipata.

Huku kwetu jambo hili lina sura mbili, na sijui mahali pengi ambapo zinakutana kama Koboko. Uislamu wa West Nile ulikuja na Nile. Uliletwa na askari wa Emin Pasha, wazee wa Wanubi wetu, ambao sehemu yao Lugard aliwachukua mwaka 1891 kuwapeleka Uganda ya kusini. Ardhi hii yenyewe ilikuwa ya Leopold wa Ubelgiji mpaka 1910, ikawa ya Sudan, na 1914 ikatiwa Uganda. Kwa hiyo wazee wa kwanza walifuata desturi ya Sudan. Mwalimu anaandika juu ya ubao kwa wino wa masizi na gundi ya mgunga, kisha ubao unaoshwa na maji yananywewa. Wasudan wanayaita mihaya, yaani yaliyofutwa. Hakuna zafarani hapo. Masizi ya chungu yanatosha, na mtoto wa chuo huuosha ubao wake mwenyewe.

Desturi ya pili ilikuja kutoka pwani pamoja na Kiswahili hiki ninachokiandika. Zanzibar, Lamu na Mombasa mwalimu huandika juu ya sahani nyeupe kwa zafarani na kuosha kwa maji ya mawaridi. Hilo ndilo kombe hasa. Lakini nani ana maua 150 kwa kila sahani? Zanzibar siku hizi kombe nyingi huandikwa kwa rangi ya chakula, na hilo si siri. Rangi imechukua kazi ya zafarani kama vile zafarani ilivyochukua kazi ya masizi.

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Kama maneno ya Mwenyezi Mungu ndiyo yanayotarajiwa, basi wino ni wino. Masizi ni sawa, rangi ni sawa, na dua isiyoandikwa kabisa, Fatiha iliyosomwa na mama mwenyewe juu ya mwanawe, ni sawa na bora zaidi kwa sababu hiyo hadithi yake ipo na haina mabishano. Masahaba walimsomea Fatiha mtu aliyeumwa na mdudu mwenye sumu, na Mtume akawakubalia. Mganga akianza kukwambia kwamba hili halitafanya kazi kwa sababu lile la bei nafuu halina zafarani ya kutosha, ameshahama kutoka kwenye maneno ya Mungu na kuingia kwenye bidhaa. Na bidhaa ina sharia zake.

Mwaka jana, katika likizo, shangazi yangu wa Koboko alikuwa na mtoto wa miaka minne aliyeshikwa na homa. Katika soko alikuwapo mtu mgeni, mwenye kanzu safi na lugha nzuri, aliyesema anatibu kwa zafarani ya Makka. Alimwandikia kombe tatu, moja kwa kila siku, akamwambia asimchanganyie mtoto dawa nyingine maana zafarani haitaki mwenzi. Bei ilikuwa mbuzi. Shangazi aliuza mbuzi. Siku ya pili usiku mtoto alianza kudegedege, na ndipo walipompakia kwenye boda boda. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Mtoto alipona, alhamdulillah, lakini tangu siku hizo hasikii vizuri, na ukimwita kwa nyuma hageuki. Yule mtu hakuonekana tena.

Shangazi alibakiwa na unga kidogo kwenye karatasi, ule aliopewa atie kwenye maji ya kuogea. Nikaja nao hosteli. Niliutia kwenye kikombe cha maji pamoja na magadi soda kidogo, na maji yakageuka mekundu kama udongo wa njia ya Oraba. Manjano hufanya hivyo ikikutana na magadi. Zafarani hubaki njano. Yaani mbuzi mzima alikwenda kwa kijiko cha manjano ambacho dukani ni shilingi mia chache.

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akaingiza mkono katika rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua iliyoinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini asiiweke juu watu waione, kisha akasema kwamba anayedanganya hayuko pamoja naye. Imo katika Sahihi Muslim na sote tumeihifadhi. Lakini tukisoma tunafikiria wauza mahindi. Hatufikirii mtu mwenye kanzu. Na udanganyifu wa zafarani si wa jana. Mwanachuoni ash-Shayzari, katika karne ya sita Hijria huko Sham, aliandika kitabu cha kumfundisha mkaguzi wa soko kazi yake, na katika mlango wa wauza manukato anaeleza kuwa wako wanaochemsha vidari vya kuku na nyama ya ng'ombe, wakaichambua nyuzi nyuzi kama nywele, wakaitia rangi na kuichanganya na zafarani. Akaeleza na njia ya kuwakamata: iloweshe katika siki, ikijikunja ni ya uongo. Ulaya pia walikuwa na ukaguzi, na mjini Nuremberg mwaka 1444 mfanyabiashara alichomwa moto pamoja na zafarani yake ya uongo. Siwataki wafike huko. Nataka tuone tu kwamba Waislamu wa Sham waliona kuwa kuichunguza nyuzi ya zafarani ni kazi ya dini, ikawekewa afisa na kitabu. Sisi tumeweka nguvu zetu zote kubishana kama bibi wa Yumbe atasalimika na ubao wake.

Kuna atakayeniambia, lakini shangazi yako aliamini mwenyewe, hakulazimishwa. Kweli. Aliamini kwa sababu mtu yule alisema Bismillahi kabla ya kushika kalamu. Nionavyo mimi hiyo inazidisha dhambi. Muuza mahindi alificha unyevu chini ya nafaka, na huyu alificha manjano chini ya Qur'ani. Suratul Mutaffifin imewaonya wanaopunguza vipimo, na sijui kipimo kilichopunguzwa zaidi ya hiki. Na lile sharti la kutomchanganyia mtoto dawa ndilo baya kuliko yote, kwa sababu Mtume ametuamrisha tutafute dawa. Imamu wa kweli anayeandika kombe atakwambia, kunywa hili na uende kituo cha afya. Nimekutana na wazee wawili wa Koboko wanaoandika mpaka leo, na wote wawili husema hivyo bila kuulizwa. Mmoja haombi chochote. Mwingine hupokea sabuni.

Kwenu wenye nyanya wanaoandika, msirudi nyumbani likizo na fatwa mfukoni kumwaibisha mzee. Muulizeni mambo mawili: wino wake ni nini, na anamwambia nini mgonjwa kuhusu hospitali. Akijibu vizuri, kaeni mumsikilize, kwa sababu anajua historia ya mahali hapa ambayo haimo katika vitabu vyetu. Na kwenu mnaochukia kombe, mna an-Nakhai upande wenu na hamna haja ya kumkufurisha mtu. Chukieni kwa adabu, lakini siku ya soko mje nasi.

Maana tumekubaliana na kina dada wa jumuiya tufanye jambo dogo. Kwa anayetaka kujua nyumbani, uzi wa zafarani ya kweli ukiwekwa katika maji ya uvuguvugu hutoa rangi polepole, maji yanakuwa njano ya dhahabu na uzi wenyewe unabaki mwekundu kwa muda mrefu. Wa uongo humwaga wekundu mara moja na kubaki mweupe. Ukionja, ya kweli inanukia tamu lakini kwenye ulimi ni chungu. Iliyo tamu mdomoni imetiwa sukari au asali ili izidi uzito. Unga ndio mgumu zaidi, kwa hiyo ushauri wa wenye kujua ni kutonunua unga kabisa. Liko pia ua jingine, Waarabu huliita usfuri, ambalo nyuzi zake ni za machungwa na fupi, hazina harufu, na huuzwa kwa jina la zafarani mpaka Makka kwenyewe, mahujaji wetu wakaleta kwa nia njema.

Jumamosi ya kwanza baada ya mitihani tutakwenda Koboko na meza moja, vikombe vya kioo, magadi soda, siki, na kisanduku kidogo cha yule haji jirani yetu, ambaye amekubali kutoa nyuzi sita za kulinganishia. Imamu wa msikiti ametupa nafasi ukumbini upande wa kina mama, baada ya Adhuhuri. Dada mmoja anayesomea uuguzi ataeleza dalili za hatari za homa kwa mtoto, kwa Kiswahili na kwa Kinubi, na nani anahitajika kwa Kikakwa bado tunatafuta. Nauli kila mtu anajitegemea. Wenye kutaka kuja waandike majina kwa katibu kabla ya Alhamisi.

Wabillahi tawfiq.